Mota Iliyonukia Nazi

Namshukuru Mola, aliyetia manufaa ndani ya chuma na subira ndani ya mikono ya wazee.

Magoti ya mke wangu yalipokataa kukanyaga cherehani, tuliifunga mota ndogo ubavuni, na kazi yake ikaendelea hapa nyumbani kwetu Kariakoo. Mwaka huu, siku moja kabla ya Maulidi ya madrasa ya mtaani, mota ikagoma. Akikanyaga swichi inaguna tu, haizunguki. Mezani zilikuwapo kanzu za watoto yatima, zimekatwa, hazijashonwa.

Niliipeleka kwa mama mmoja wa Kilimanjaro anayeuza vipuri vya cherehani mtaa wa pili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu itazame hii."

Akaigeuza mkononi. "Imeungua hii. Chukua mpya, ukapumzike."

"Iliyoungua hunuka moshi. Nusa."

Akanusa, akacheka. "Kweli, moshi hakuna. Inanukia wali wa nazi! Babu, mnapikia humu?"

Nilirudi na kichupa cha mafuta ya cherehani tu. Nikakaa barazani, nikapiga Bismillahi, nikafungua skrubu. Mhimili unaozunguka katikati ulikuwa umegandwa na utando wa manjano, mzito kama gundi.

"Mke wangu, umeitia nini mota?"

Akatazama kando. "Mafuta yake yaliisha. Nikasema, ya nazi nayo ni mafuta. Miaka yote yanalainisha nywele zangu, yashindwe na kichuma hiki?"

"Nywele zako hazijawahi kushona kanzu."

"Na wewe hujawahi kufungua mota. Tutaona."

Nikaufuta utando kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na penye pembe nikatumia mswaki mkuukuu. Nikauzungusha mhimili kwa vidole hadi ukaenda bila kukwama. Nikaianika mpaka baada ya Alasiri, nikatia tone la mafuta kila upande, nikafunga.

Mke wangu akakaa, akakanyaga swichi. Mota ikalia kwa sauti yake ya zamani. Tukamhimidi Mungu kwa pamoja, kisha akanifukuza: "Toka kwenye mwanga, nishone!"

Kesho yake watoto walisimama kusoma kasida, wote ndani ya kanzu mpya. Nilipomkumbatia mdogo wao, bega lake lilinukia nazi kwa mbali.

Nawe unayesoma, Mola akulainishie kilichokukwamia, akupe wa kukaa naye barazani mkicheka, na kazi ya mikono yako imvike mwenye haja. Amina.