Sauti Iliyofika Nkunga

Baba alikufa jioni, mvua ikipiga bati kwa nguvu, hata kilio cha mama na dada zangu hakikuvuka migomba yetu. Siku nyingine kilio kama kile kingepokelewa na wanawake wa kitongoji cha pili, kisha cha tatu, mpaka kifike ng'ambo ya bonde, Nkunga, alikoolewa shangazi. Baba hakuwa na dada mwingine.

Asubuhi binamu yangu alishavaa mabuti aende kumwita shangazi. Nikamzuia. Nilimwambia nimekodi vyombo vya muziki kule Kyimo, msiba utasikika mpaka milimani, kwa nini ahangaike na matope. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, redio kubwa na kanda zimejaa magulioni. Nilisema nataka baba azikwe kwa heshima. Nilitaka pia watu waone kwamba ni mimi niliyeleta vyombo.

Spika mbili tuliziweka juu ya meza, jenereta nyuma ya migomba. Nilitangaza msiba mara tatu, spika zikielekea bondeni, kisha tukaweka kanda za kwaya. Jirani mmoja alinitania kwamba mzee wetu anaondoka kama waziri. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mama aliniuliza mara mbili kama wifi yake amefika. Nikamjibu yuko njiani. Saa tisa tukazika.

Shangazi alikuja siku ya tatu, baada ya kupewa pole na mtu aliyekutana naye njiani. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipotulia nilimweleza kwamba binamu alitaka kumfuata nikamkataza. Nikamuuliza kama hakusikia chochote siku ile.

"Nilisikia," alisema. "Maneno yalikuwa yanakatika, hayakufika. Nyimbo zilifika. Nikajua ni wale wanaouza kanda gulioni. Nilikuwa nachuma chai, gwe mwanangu. Nikawa naimba nao."

Mama alimshika mkono. Wengine tuliangalia chini.

Baadaye shangazi aliniita nikae karibu naye. Hakuwa na hasira, na nadhani hasira ningeiweza.

"Mlipokuwa mnamteremsha kaka yangu, ulikuwa unapigwa wimbo gani?" aliuliza. "Labda huo na mimi niliuimba."

Mama alisema yeye wakati huo hakuwa anasikia kitu. Wote wakanitazama mimi, mwenye vyombo.

Nilimwambia sijui. Jenereta ilikuwa imeanza kukohoa, nikakimbilia nyuma ya migomba kuongeza petroli. Niliporudi, udongo ulikuwa umeshajaa.