Mchanga Chini ya Mwaridi

Asubuhi za kijijini kwetu zilinuka dizeli. Karasha la kusagia mawe liliwashwa kabla jua halijapanda, na likishaanza kunguruma vumbi lilitua kila mahali: juu ya vyombo, juu ya ndala zilizoachwa mlangoni, juu ya uji wenyewe. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, nikadhani dunia nzima inanuka hivyo kunapokucha. Kisha, mwaka nilipotimiza miaka kumi, msimu mmoja tu, asubuhi yetu ilinuka waridi. Si haya mawaridi marefu yanayouzwa mjini kwa ajili ya maharusi, ambayo unayanusa hadi pua inachoka na hupati kitu. La mama lilikuwa kichaka kifupi, cha ovyo kidogo, chenye miiba mingi na matawi yaliyoinama, na maua yake ya pinki yalijaa petali mpaka katikati hakuonekani. Harufu yake ilikuwa tamu, yenye ukali wa mbali wa limau, na siku za umande ilipenya dirishani ikatukuta kitandani, mimi na mdogo wangu Masanja.

Mama si mtu wa huku. Kwao ni Lushoto, milimani, na baba, Msukuma aliyekuwa amekwenda kule kupasua mbao, ndiye aliyemleta kwenye nchi hii tambarare yenye jua lisilo na huruma. Bibi yetu alipofariki, mama alikwenda kuzika na akakaa kule muda mrefu kiasi kwamba majirani wakaanza kutuangalia kwa jicho la huruma. Aliporudi alikuwa amekonda, hasemi, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na vijiti vitatu vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi na gome la mgomba. Alivikata kwenye mwaridi wa bibi. Jioni hiyo, tukiwa tumeketi jikoni, nilimsikia akimwambia baba: “Baba Neema, nitavipanda. Kikishika hata kimoja, nitajua hapa pamekuwa kwangu. Visiposhika…” Hakumaliza. Baba aliendelea kula. Mimi sentensi ile niliimalizia mwenyewe kichwani, na tangu siku hiyo uhai wangu wote ulining'inia kwenye vile vijiti.

Udongo wetu ni wa mbuga, ule mweusi. Mvua ikinyesha unanata mpaka unakuvua kiatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mama aliuponda kiganjani, akatikisa kichwa. Alisema mizizi ya waridi inataka udongo mwepesi, unaopumua, na huu utainyonga. Jibu lilitoka kwa jirani yetu, Mama Kulwa, aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. “Mayu, unahangaika nini?” alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. “Si kachukue marudio pale mwaloni! Yanatupwa tu.” Marudio ni ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa na dhahabu ikishatolewa. Wakati ule haukuwa na mwenyewe. Ulilundikana pale mwaloni, mahali pa kuoshea, laini, wa kijivu, na watu waliuchota wapendavyo, wakasiliba nyumba na kusawazisha nyua. Tuliubeba kwa ndoo, kwa karai, kwa baiskeli ya baba. Baba mwenyewe alisukuma baiskeli ile huku akimtania mama kwamba amemwoa mwanamke anayelima mchanga. Mama Kulwa akaleta samadi. Wakachanganya, wakainua tuta kubwa kando ya ukuta wa jikoni, na mama akachomeka vijiti vyake.

Viwili vilikauka. Cha tatu kilikaa kimya kwa muda ambao sijapata kuona muda mrefu kama huo. Nilikuwa nikikimwagilia maji ya kunawia, maji ya kuoshea mchele, na mara moja chai ya baba. Kila asubuhi mama aliinama akakivuta kidogo kwa ncha za vidole, kidogo sana, kupima kama kinashikilia chini. Siku moja alikivuta, akabaki ameinama. Kisha akaniita: “Neema, njoo ushike.” Nikakivuta, nacho kikakataa kutoka. Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya msiba, nami nikakimbilia nyuma ya nyumba nikalia, maana sasa alikuwa anabaki.

Mvua zile zote alifanya kazi pale kwenye tuta. Hakutaka bustani ya mistari. Alisema kwa bibi kila kitu kiliota pamoja, ua likiegemea kabichi, na ndivyo alivyofanya: mchicha na nyanya chini, mrehani na mchaichai pembeni, maboga yakitambaa kokote yatakako, alizeti nyuma karibu na uzio wa minyaa, na katikati mwaridi. Watu waliopita walisimama. Wachimbaji waliotoka mashimoni, weupe kwa vumbi hadi kope, waliegemea uzio wakavuta pumzi. Mama Kulwa alikuja kila siku kumuuliza, “Sasa hili, Mayu, tunalila lini?” na kila siku akaondoka na ua moja ameliingiza kwenye kilemba. Mama alianza kuimba Kisambaa wakati wa kupika. Alinifundisha kukata ua lililozeeka ili mengine yaje. Kama ningejua kwamba ile ndiyo furaha yote tutakayogawiwa, ningekaa pale kwenye tuta kutwa nzima, shule ningeiacha.

Kiangazi kilipoingia wakaja wanunuzi wa marudio. Ilikuwa imegundulika kwamba mchanga ule tuliodhani umekwisha kuoshwa bado una dhahabu ndani, na kwamba kuna mitambo mipya, yenye mabwawa na dawa kali, inayoweza kuitoa. Kijiji kilipata wazimu. Milima ya mchanga pale mwaloni, ambayo haikuwa na mwenyewe, ikapata wenyewe kumi kumi. Ilipokwisha, watu wakageukia majumbani. Walikwangua kuta, wakachimbua nyua, na kuna mzee alibomoa choo chake akabaki anakwenda kujisitiri kwa jirani. Baba alikuwa na shimo lake la kuchimba, duara kama wanavyoliita, na mwaka mzima halikumpa jiwe la maana. Sasa lilikuwa limejaa maji. Alishinda ameketi barazani akitazama malori yakipita. Siku moja mmoja wa wale wanunuzi aliingia uani kuomba maji ya kunywa. Alipokwisha kunywa alichota mchanga wa tuta kwa kile kikombe, akauzungusha na maji yaliyobaki, akaangalia chini ya kikombe. “Mzee,” alimwambia baba, “mbona umelalia mali?”

Sitasema baba yangu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kukosa. Mama aliporudi kutoka kisimani alikuta vijana wa lori wameshaanza upande wa maboga, na baba amesimama mbele ya mwaridi na jembe mkononi, akimwahidi hata kabla hajatua ndoo. “Mama Neema, nitaung'oa mwenyewe, taratibu, na mizizi yake. Wakishapakia nitaurudisha palepale.” Mama akamtazama. “Palepale wapi, Baba Neema?” aliuliza. “Si ndipo mnapopachukua?” Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, ndoo ya maji bado iko kichwani, akawaangalia wakichota bustani yake kwa koleo: mchicha, mrehani, samadi ya Mama Kulwa, vyote vikaenda juu ya lori, kwa sababu mnunuzi alisema watachuja wenyewe hukohuko. Mwaridi ulitolewa jua la adhuhuri ukiwa na maua. Baba alichimba shimo kwenye udongo mweusi, mgumu kama tofali, akausimamisha humo na kumwaga maji. Aliumwagilia kila siku, maskini, baba yangu, hadi matawi yalipokuwa kuni. Nilikuwa nikiamka kabla ya karasha, nakwenda kuuvuta kidogo kwa ncha za vidole. Siku moja ulinifuata mkononi.

Nilimsubiri mama afunge mizigo. Nilificha mkoba wake. Lakini mama hakwenda popote, na kadiri ninavyokua naona kwamba hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alibaki. Alipika, alifua, alimuuguza baba mpaka akamzika. Hakuimba tena, wala hakupanda kitu kingine uani, hata mchicha, aliununua sokoni.

Sasa naishi Kahama mjini. Mwaka jana niliitwa harusini Lushoto, nikakuta nyumba ya bibi imepata wenyewe wengine, lakini mwaridi bado umeegemea uzio, umekuwa mkubwa kupita mlango. Niliomba vijiti vitatu, kimoja kikiwa na tumba, nikavifunga kwa kitambaa kibichi na gome la mgomba kama nilivyoona vimefungwa zamani. Nikampelekea mama kijijini. Pale palipokuwa na tuta vijana wa lori walichota hadi chini ya ardhi, na shimo lao halijafukiwa hadi leo. Mvua ikinyesha linakuwa dimbwi, na bata wa majirani wanaogelea humo. Kando yake bado nanusa dizeli. Mama alilinusa lile tumba kwa muda mrefu, amefumba macho, hata nikathubutu kusema, “Mama, twende tukavipande.” Akavichukua, akavitia kwenye glasi ya maji juu ya meza. “Viache hapo, mwanangu,” alisema. “Vinapendeza.” Tumba lilichanua, nyumba ikanukia kama ilivyonukia nikiwa na miaka kumi, kisha petali zikaanguka moja moja juu ya kitambaa cha meza. Mama alizizoa akazitupa pamoja na vijiti. Hakuuliza kama vingeshika.