Walipovunja Dungu la Bibi

Juzi nilikuwa nangoja muhuri katika ofisi moja Kibiti, na ukutani ilitundikwa ramani ya delta yetu. Nikaufuata mto kwa macho mpaka Mbwera. Pale lilipokuwa shamba la bibi yangu pamechorwa mikoko mitupu. Hasira niliyodhani imekwisha ikanirudia.

Wewe uliyekulia bara huenda hulijui dungu. Ni kibanda juu ya nguzo ndefu, tulichohamia msimu mzima wa mpunga ili kuamia ndege. Chini maji, juu sisi na madebe yetu, tukipiga kelele mpaka sauti zinakauka. Jioni bibi alikaanga mpunga mchanga wa pepeta, na harufu yake ilitutuliza hata watundu. Tukishavuna tulirudi kijijini.

Wapimaji wa ramani walikuja baada ya mavuno, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kujaa madukani. Walitaka kujenga jukwaa refu ili waone juu ya mikoko, na nguzo hawakuwa nazo. Kwetu mgeni hanyimwi.

"Vunjeni langu, wanangu," bibi akawaambia. "Mpunga ushavunwa. Mwakani ntajenga jingine."

Majirani nao wakatoa yao. Tukawapikia wali wa nazi, wakapima, wakasifu upishi, wakaenda zao. Msimu uliofuata tukajenga upya na kulima kama kawaida.

Misimu michache baadaye akaja mwekezaji wa mabwawa ya kufugia kamba. Ofisa aliyefuatana naye akakunjua ramani ya wale wapimaji palepale shambani.

"Bibi, hapa hapana mashamba. Ni pori la mikoko."

"Na dungu lile ni la nani?"

"Hilo limejengwa juzi. Wapimaji hawakuona dungu hapa. Nyie wavamizi."

Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule ofisa.

Wakajenga matuta, maji ya mto yakazuiwa, ya chumvi yakaingia, mpunga ukafa. Mabwawa yenyewe hayakudumu. Mwekezaji akaondoka, na ardhi haikurudi kuwa shamba wala pori.

Bibi akahamia kwa baba, Kibiti, chumba cha uani, akila mchele wa dukani ambao alisema hauna harufu. Mpaka anafariki hakulitaja tena shamba, nasi hatukumkumbusha, tukidhani tunampunguzia uchungu. Sasa wanangu wakiniuliza kwetu hasa ni wapi, nawajibu Kibiti, na wanaridhika.