Siku Nilipozikataa Baiskeli Kilosa

Wasomaji wangu, mniwie radhi kwa mwandiko huu uliopinda na kwa herufi nitakazozikosea. Niliishia shule ya msingi, na ukurasa mmoja hunichukua siku nzima.

Siku nilipokwenda kuomba kazi nilikuwa kijana mwenye haya, wa kutazama vidole vya miguu nikisemeshwa. Ofisi ya michezo ya wilaya, pale Kilosa, ilitafuta fundi baiskeli. Mkubwa wa ofisi tulimwita Bwana Michezo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kunyoosha rimu?"

Nilichukua gurudumu lililokuwa pale, nikakaza spoku hizi na kulegeza zile, mpaka likazunguka bila kuyumba. Nikapata kazi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Bwana Michezo alimwahidi Mkuu wa Wilaya mbio kubwa za baiskeli, Kilosa hadi Mikumi, siku ya sikukuu ya wakulima. "Nataka wananchi wa kawaida," alisema, "si mabingwa tu." Ukaguzi nilipewa mimi: baiskeli isiyo na breki mbili haitoki, maana njia ile ina miteremko na malori.

Asubuhi uwanja ulijaa, nikafurahi. Kumbe kila mpandaji alikuja na ndugu wawili watatu wa kuilinda baiskeli! Mkulima mmoja wa Mvumi, kijiji cha jirani, Baba Asha, alishikiliwa keria na mkewe.

"Ikivunjika hii, mahindi ya mashineni utabeba kichwani?"

"Nitaibembeleza, Mama Asha."

Nilimwuliza Baba Asha breki ziko wapi. Akainua mguu wenye kandambili ya tairi. "Hii hapa, fundi. Haijanisaliti hata siku moja."

Tulicheka wote, lakini baiskeli nikaiweka pembeni. Nyingine haikuwa na raba za breki, nyingine mnyororo wake uliungwa kwa waya. Vipuri vilikuwa adimu, si kosa lao. Nilipomaliza, zilikuwa zimepita sita tu. Wenye hizo sita wakaondoka kwenda Mikumi, vumbi likatulia, na umati ukabaki unanitazama mimi.

Bwana Michezo akanivuta kando, jasho linamtiririka. "Mkuu wa Wilaya yuko njiani. Hao wengine wapitishe wote."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi? Nani amekuajiri?"

"Ni wewe, mzee. Lakini mteremko haumjui Mkuu wa Wilaya."

Sikuwahi kumwambia maneno mengi hivyo. Nilijua kazi imekwisha.

Mama Asha alikuwa anasikiliza. "Wewe fundi! Na miguu yetu utaikagua?"

"Miguu sina spana zake, mama."

"Basi sisi tunakimbia!" Akakaza kanga kiunoni, akamgeukia mumewe. "Leo ilinde wewe." Akatoka mbio. Walinzi wa baiskeli wakamfuata, wazee kwa watoto, kisha na wapandaji niliowakataa. Bwana Michezo akaona mambo yanampita. Akapuliza filimbi kwa nguvu, kana kwamba ndiye aliyeanzisha, akapiga kelele, "Hadi Magomeni yetu hapa na kurudi!"

Mkuu wa Wilaya alipofika, alikuta nusu ya mji inarudi inahema na kucheka. "Ndugu, umewapataje watu wote hawa?"

Bwana Michezo akaniwekea mkono begani. "Muulize fundi wangu."

Baadaye nilihamishiwa Mikumi chini ya Katibu Tarafa, halafu Kidodi, hadi kustaafu. Kote nilikuta hivyohivyo: wapanda baiskeli wachache, wakimbiaji tele. Baiskeli ilikuwa mali ya nyumba nzima. Kwenda kushindana nayo ni kuomba ruhusa kwa baba, mke na shangazi. Halafu ukiachwa nyuma, unabaki peke yako porini. Lakini mguu ni wako, na ukichoka unatembea huku unapiga soga na mwenzako aliyechoka pia. Nimezinyoosha rimu nyingi maishani, lakini jambo ninalojivunia zaidi ni zile baiskeli nilizozikataa.

Vijana, niandikieni. Nielezeni huko kwenu mbio zinakwendaje, na nani hubaki analinda baiskeli.