Chungu Kilichokuwa Baridi Shavuni

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo uani siku ile, maana wengi wao wameshatangulia na mimi sipendi mtu asahaulike. Alikuwepo Bibi Mwanamvua, mama yake baba yangu, mfinyanzi, mwenye ua wenyewe. Alikuwepo Bi Kidawa, mdogo wake Bibi, tumbo moja, aliyekuja asubuhi kusaidia kuni akabaki mpaka alasiri kusaidia maneno. Alikuwepo Mama mdogo Zainabu, mke wa baba yangu mdogo Salumu, aliyeolewa kutoka pande za Mlandizi. Ulikuwa mwaka wake wa pili kwetu. Na sisi watoto watatu: dada yangu Tatu, Mwajuma wa shangazi Asha, na mimi Mwanahawa, mdogo kuliko wote, meno ya mbele sina. Baba mdogo Salumu alikuwa shambani, lakini namtaja kwa sababu yaliyotokea yalimwangukia na yeye.

Mahali ni Mzenga, Kisarawe. Wakati ni wa Mwingereza. Mwaka msiniulize, najua tu kwamba ilikuwa kiangazi, mpunga umeshavunwa, na mwalimu wetu wa chuo alikuwa amekwenda kwao, kwa hiyo juzuu zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko na sisi tulikuwa huru kama mbuzi waliokata kamba.

Kilichonikumbusha yote haya ni harufu. Siku hizi nakaa Misugusugu kwa mjukuu wangu, na majuzi kitukuu changu Rehema alirudi na habari kwamba likizo hii mwalimu anataka kila mtoto atengeneze kitu kwa mikono yake. Mama yake akaanza kutaja vitu vya kununua: udongo wa rangi wa kwenye pakiti, gundi, karatasi za kung'aa. Nikamwambia, mwanangu, acha pesa yako ilale. Jirani alikuwa anachimba shimo la choo, na pale chini kabisa ulikuwa umetoka udongo mzuri, mweusi unaonata. Nikamtuma Rehema na beseni. Tulipoumwagia maji, ile harufu ikapanda, harufu ya mvua ya kwanza na ya kitu kama chuma ukikilamba. Rehema akafinyanga kikombe, akakianika, na baada ya siku mbili akaniletea: "Bibi, kimekauka, tukichome." Nikamwambia, kiweke shavuni. Mtoto akanitazama akidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Aliyenifundisha mimi kuweka chungu shavuni ni Mama mdogo Zainabu.

Kwao hawakuwa wafinyanzi. Ufinyanzi aliukuta kwetu, kwa mkwewe, akajifunza kwa kutazama, na alichojifunza asubuhi jioni alitufundisha sisi. Lakini vitu vingine alikuja navyo kichwani. Kwa guguta la mahindi alikuwa anakutengenezea mwana wa kuchezea, nywele zake zile nyuzi za hindi, amefungwa kitambaa kifuani kama mtu mzima. Kwa ukuti mbichi alikuwa anasuka kipepeo cha kuzunguka kwenye upepo, ukikimbia nacho kinalia. Saa ya mkononi ya ukuti, miwani ya ukuti. Tatu alivaa ile miwani akamwamkia Bi Kidawa kwa sauti ya bwana shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, na Bi Kidawa akamkimbiza na mwiko.

Udongo ndio tulioupenda zaidi. Mama mdogo alitupa kila mmoja donge la ukubwa wa ngumi, tukafinyanga vyungu vya kupikia mchezo wetu, na akataka kila mmoja awe na alama yake, tusije tukagombana. Mwajuma aliviringisha guguta shingoni mwa chungu chake, likaacha vidoti. Tatu alichora mistari kwa kijiti. Mimi nilibonyeza ukucha wa kidole gumba, moja moja, duara zima, kama miezi michanga iliyojipanga kwenye foleni.

Chungu changu kilipasuka kikiwa kinakauka, kwa sababu nilikihamishia juani kwa siri. Nikalia, nikafinyanga kingine. Kwa hiyo siku ya kuchoma ilipofika, vya Tatu na Mwajuma vilikuwa vimekauka kuwa vyeupe, na changu kilikuwa na siku mbili tu.

"Kiweke shavuni," Mama mdogo akaniambia.

Nikakiweka.

"Unasikiaje?"

"Kama baridi kidogo."

"Hiyo baridi ni maji, bado yamo ndani. Moto ukiyakuta yatatafuta mlango, na mlango hakuna. Chako kitangoja moto mwingine, sawa mama?"

Nikasema sawa. Alipoinama kujitwisha debe kwenda kisimani, nikakiweka shavuni tena, la upande wa pili. Nikajiambia baridi ile ni ya asubuhi. Bibi alikuwa ameshapanga vyombo vyake juu ya kuni na makumbi ya nazi, bado kuvifunika nyasi. Katikati ulikaa mtungi mkubwa wa maji, mzuri, tumbo kama la mja mzito, alioufinyanga kwa ajili ya harusi ya mtoto wa jirani. Nikajifanya naokota makumbi, nikatumbukiza chungu changu ndani ya ule mtungi. Hakuna aliyeniona. Nyasi zikawekwa, moto ukawashwa.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya ua wetu. Mtu akifika penye moto wa vyungu, kwanza anatia kuni, hata kijiti, ndipo anafungua mdomo kusalimu. Ukisalimu kabla ya kutia, umeuambia moto kwamba umekuja kuchukua, hukuja kuleta. Ndivyo tulivyoambiwa.

Mama mdogo akarudi kutoka kisimani na debe kichwani, mikono yote miwili juu imelishika. Akamkuta mama mkwe na Bi Kidawa wamekaa. Akafanya ambalo mke yeyote mwenye adabu angelifanya, akapiga goti kidogo, maji yanamchuruzika shingoni, akasema, "Shikamooni."

Hawajaitikia marahaba, ndani ya moto pakalia tiki, kama mtu anayekata kucha. Halafu paa! Nyasi zikaruka. Paa nyingine. Cheche zikamwagika mpaka miguuni kwa Tatu.

Moto ulipolala tukaona. Mtungi wa harusi umefunguka kama bungo lililokanyagwa, na vyungu viwili vilivyokuwa ubavuni mwake vimekwenda nao.

Bi Kidawa ndiye aliyetangulia kusema. "Mtu kaja na salamu mdomoni badala ya kuni mkononi. Mlitegemea nini?"

"Mama, nilikuwa na debe," Mama mdogo akasema.

"Debe, debe. Mwaka wa pili huu tumbo liko kimya, tukasema haya, Mungu hupanga. Sasa na vyungu navyo?"

Nilingoja Bibi amnyamazishe mdogo wake. Bibi alikuwa anachokoa majivu na fimbo, hamtazami mtu. Mwishowe akasema taratibu, "Zainabu, udongo uuache kwanza."

Mama mdogo ndiye aliyeinama kuokota vigae. Mimi nilikuwa nyuma ya mgomba, nimejibana. Nikamwona anaokota kipande kidogo sana, si cha mtungi wala si cha chungu cha mtu mzima. Akakifuta majivu kwa kidole. Akainua uso, akanitazama moja kwa moja. Kisha akakifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akaendelea kuokota.

Nilijua atasema usiku. Hakusema. Nikajua atasema kesho. Kesho ikapita na kesho kutwa. Alikuwa anachagua mchele upande wake peke yake, mbali na udongo, na sisi watoto hatukuwa tena na mwana wa guguta wala kipepeo, maana Bi Kidawa alitukataza kupokea kitu mikononi mwake. Kila nikimwona akigusa pindo la kanga, narudi nyuma ya mgomba.

Siku ya nne nikasikia baba mdogo Salumu akiambiwa ampeleke mkewe kwao akapumzike. Nilikuwa mdogo, lakini neno hilo nililijua. Mke anayepelekwa akapumzike huondoka na mzigo wake wote.

Asubuhi ya tano mzigo ukawa mlangoni, umefungwa kwa shuka. Baba mdogo amesimama ameupa mgongo, anakwangua tope kwenye jembe ambalo halikuwa na tope. Bibi na Bi Kidawa wako mkekani. Mama mdogo amepiga magoti kuaga. Hapo sijui nani alinisukuma. Nikajikuta nimesimama katikati yao.

"Bibi, mtungi nimeupasua mimi."

Bi Kidawa akacheka. "Umeupasua na nini wewe kibogoyo, kwa ufizi?"

Nikaeleza. Sijui kama nilieleweka, maana nilikuwa nalia na kamasi. Nikasema chungu changu kilikuwa baridi shavuni, nikakitia ndani ya mtungi, na kigae chake anacho Mama mdogo kwenye pindo.

Bibi akageuka. "Zainabu. Ni kweli?"

Na Mama mdogo, mzigo wake mlangoni, akatikisa kichwa. "Mama, mtoto amenizoea tu. Hataki niondoke."

Mpaka leo nikifika hapo kalamu inasimama.

"Leta pindo," Bibi akasema.

Yale mafundo mawili Bibi aliyafungua mwenyewe, taratibu, kwa vidole vyake vilivyopasuka kwa udongo. Kikatoka kigae kile. Akaitazama miezi yangu michanga iliyojipanga. Akauvuta mkono wangu, akaushika ukucha wangu wa gumba, akauweka ndani ya alama moja. Ukaingia barabara.

Nilifumba macho ningoje kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua, Bi Kidawa alikuwa anatafuta kandambili yake iliyokuwa mguuni mwake mwenyewe, na Bibi alikuwa amesimama kwenye rundo la kuni. Akachagua kuni moja nzuri ya mkongo, akaja nayo, akampa mkwewe kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto.

"Nenda katie jikoni," akamwambia. "Halafu ufungue huo mzigo, nguo zitavunda."

Baba mdogo akaacha jembe, akaubeba mzigo akaurudisha ndani yeye mwenyewe, na siku zile mwanaume hakubeba mzigo wa mkewe mbele ya watu.

Kiangazi kile moto uliofuata aliyepanga vyombo alikuwa Mama mdogo Zainabu. Kila kimoja alinipa mimi kwanza nikiweke shavuni. Nilimaliza siku nzima na mashavu meupe ya vumbi.

Hakuwahi kuzaa. Lakini nendeni Mzenga mkaulize wanawake wa rika langu nani aliwafundisha kufinyanga, kusuka kipepeo, kumfunga mwana wa guguta nguo. Nilipojifungua wa kwanza yeye ndiye aliyekaa na mimi, na siku hiyo nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Ningekutaja wangekupiga, na wewe ungeanza kunikwepa. Ua mzima mtoto aliyekuwa anakuja kukaa mapajani kwangu bila kuitwa ulikuwa wewe. Kwetu ningeweza kurudi. Hilo nisingelipata tena."

Nilidhani hapo nimeshaelewa yote. Kumbe lilibaki moja, na hilo nimelielewa nikiwa mfinyanzi mwenyewe, nimeshachoma vyungu miaka mingi. Chombo kibichi kikipasuka kina mlio wake. Kwanza ile tiki, ndipo paa. Mfinyanzi haukosei mlio huo, kama mama asivyokosea kilio cha mwanawe. Na Bibi Mwanamvua alikuwa mfinyanzi kuliko mimi. Basi alijua tangu dakika ile ile kwamba ndani ya moto kulikuwa na kitu kibichi, na aliyepanga moto ni yeye, na hakuchungulia ndani ya mtungi kabla ya kufunika nyasi. Ndiyo maana alikuwa anachokoa majivu hamtazami mtu. Salamu ya mkwewe ilimfika kama mlango wa kutokea, akapita.

Mimi miaka yote nilidhani hakunipiga kwa huruma. Huruma alikuwa nayo, simnyimi. Lakini angenipiga vipi, na kosa tulikuwa tumelifanya wawili, na mtoto ndiye aliyetangulia kulisema? Simlaumu. Nampenda zaidi kwa ile kuni aliyoitoa kwa mikono miwili, maana sasa najua ilikuwa nzito kiasi gani.

Kikombe cha Rehema tunakisubiri. Jana kilikuwa bado baridi.

Basi kama yupo mtu wa Mzenga anayesoma haya, au aliyesimuliwa na wakubwa wake, anirekebishe. Mimi nakumbuka vilivyovunjika vilikuwa vitatu pamoja na mtungi. Marehemu Tatu alishikilia kuwa ni vinne. Labda kuni haikuwa ya mkongo. Na kama kuna anayejua kwa hakika kwamba Bibi yangu hakuusikia mlio ule, kwamba upepo ulivuma au maneno ya mdogo wake yalimziba masikio, tafadhali aje aniambie. Hapo ndipo ningefurahi kuliko popote kuambiwa nimekosea.