Kipa Ajifunza Kuanzisha Mpira wa Meza

Wasike alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo kwa miaka kumi na sita, hadi goti likamwambia basi. Mwaka wa 1994 akahamia tenisi ya meza katika ukumbi wa kanisa, akidhani ni mchezo wa kupumzikia.

Mwalimu wake alikuwa Nafula, karani wa kiwanda hichohicho, mwanamke asiyejua mzaha.

"Weka mpira kwenye kiganja, urushe juu, kisha uupige udunde upande wako kwanza," alimwelekeza.

Wasike akaurusha. Ulipoanza kushuka, mkono uleule ukaudaka na kuukumbatia kifuani.

"Mzee Wasike, usiudake!"

"Si mimi, mwalimu. Ni mkono."

Wiki tatu nzima mkono ulidaka. Mwishowe Nafula akamwamuru autie mfukoni mara tu baada ya kurusha. Ikafaulu, ingawa alionekana kama mtu anayetafuta nauli.

Siku ya mashindano, mpinzani wake kutoka Kariobangi aliukodolea macho ule mfuko badala ya mpira, akapitwa mara sita. Kisha akazoea, akamshinda Wasike ishirini na moja kwa sita.

Nyumbani, Wasike alimsimulia mkewe Mourine zile pointi sita, moja baada ya nyingine, ugali ukipoa mezani.

"Na zile ishirini na moja?" Mourine akauliza.

"Hizo zilikuwa zake," Wasike akajibu akinawa mikono. "Mwulize yeye."