Mume Wangu na Maji ya Chifu

Watu wa kwetu wakikutana kwenye harusi au matanga hawakosi kumkumbuka mume wangu. Husimulia vituko vyake, wakacheka mpaka wakajifuta machozi, halafu mmoja hunigeukia na kuniuliza, "Si ndivyo ilivyokuwa, nyanya?" Mimi huendelea kula. Nimewasikiliza miaka mingi, na sijamsikia hata mmoja akiimaliza hadithi hiyo. Wakifika mahali fulani hugeuza mazungumzo. Basi nitaimaliza mimi, maana nilikuwepo, na mtu mwenyewe nilimpikia.

Kilima chetu hakiko mbali na Voi. Ukisimama shambani kwetu uliiona milima ya Sagalla upande mmoja, na upande wa pili nyika kavu inayoteremka kuelekea Maungu, moshi wa garimoshi ukiikata katikati. Maji yalikuwa mahali pamoja tu, chemchemi iliyotoka chini ya jiwe kubwa katikati ya kilima. Tangu enzi za mababu watu waliyatumia kwa zamu, ukoo huu asubuhi, ukoo ule jioni, na kama palitokea ugomvi uliamuliwa hapo hapo, wanawake wakajitwika maji wakaenda zao.

Ndipo serikali ya mkoloni ikatupa chifu. Hakutoka mbali. Alizaliwa kilima hicho hicho, akasoma shule ya misheni darasa moja na mume wangu. Serikali ilimpa kofia, fimbo na askari. Mengine yote alijipa mwenyewe. Aliizungushia chemchemi seng'enge, akapanda kabichi na nyanya kuizunguka, na magunia yakawa yanateremshwa kwenda kuuzwa Voi. Sisi tulibakiwa na maji yaliyovuja chini ya bustani yake, mahali ng'ombe walipokanyaga. Tena zilikuwako siku za kazi ya serikali. Tuliambiwa tunabeba mawe ya kujenga matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Mawe tuliyabeba kweli, lakini matuta yalijengwa kwenye shamba la chifu. Aliyekosa kufika, awe mgonjwa au amejifungua, askari walikwenda kwake wakamchukulia mbuzi kama faini.

Mume wangu alikuwa amefanya kazi stesheni ya Voi, akiunganisha mabehewa, mpaka baba yake alipofariki akarudi kuangalia shamba. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa na kipaji kimoja: aliweza kuigiza sauti ya mtu yeyote. Alimwigiza stesheni masta, akamwigiza muuza duka, akamwigiza mhubiri akikohoa kabla ya sala. Mama yangu aliniuliza kama kuchekesha watu ni kazi, nami nikaolewa naye.

Jirani yetu alikuwa mjane mzee aliyemlea mjukuu wake yatima kwa maziwa ya mbuzi. Siku moja mtoto alishikwa na homa, bibi akakosa kwenda kubeba mawe. Askari walimchukua yule mbuzi. Alikuja kwetu akaketi mlangoni, na mume wangu akamtazama, akaiweka chini sahani yake ya chakula.

Kwenye baraza iliyofuata alisimama.

"Chifu, nina swali dogo."

"Uliza."

"Hii serikali tunayoibebea mawe, inakula kabichi?"

Watu walicheka. Chifu aliwaacha wacheke mpaka wakanyamaza wenyewe, kisha akaagiza mume wangu alazwe chini achapwe viboko mbele yetu. Alipomaliza kuchapwa, chifu alitangaza kwamba kesho atapelekwa Voi, kwa kuwa ana habari kuwa amekula kiapo na wale watu wa bara wanaopigana na serikali. Miaka hiyo ilikuwa ya hali ya hatari. Neno hilo moja lilitosha mtu kupotea, na chifu alijua hivyo, na mume wangu naye alijua. Aliomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Akavua shati, akampa askari alishike, eti awe na hakika kwamba atarudi. Askari alibaki na shati.

Kuanzia siku ile mume wangu akawa mtu wa nyikani. Alijificha upande wa Maungu kwa wachoma makaa, watu wasiouliza maswali. Mimi nilikuwa nikienda kutafuta kuni mbali zaidi kuliko wanawake wengine, na huko ndiko tulikoonana. Mgongo wake ulichukua muda mrefu kupona. Niliupaka mafuta, naye akinisimulia mambo ya kunichekesha, na mimi nikawa nalia nyuma yake asikoniona.

Siku moja chifu alipokuwa ameitwa Voi mkutanoni, nilikuwa nikipalilia karibu na boma lake, ambamo mbuzi wote wa faini walifungiwa. Nikaona bwana mmoja anapanda njia amevaa koti jeupe na miwani, mkononi mkoba wa ngozi. Nilimjua kwa mwendo. Koti aliliazima kwa mpishi mmoja wa Voi. Askari waliokuwa zamu walikuwa wageni, waliletwa karibuni kutoka upande wa Taveta, hawakuwahi kumwona.

"Mimi ni wa mifugo," aliwaambia kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kuogopwa. "Nani mkubwa hapa?"

"Chifu amekwenda Voi, bwana."

"Najua. Ndiye aliyenituma."

Akaingia bomani. Akawafunua mbuzi midomo, akawavuta kope, akatikisa kichwa. Aliwaambia askari kwamba mbuzi wana homa ya mapafu, tena inaambukiza watu, na lazima washushwe bondeni upesi kabla hawajafa wote na wao wakaulizwa na serikali. Askari wenyewe walifungua lango. Wenyewe waliwaswaga mbuzi, wamejifunga vitambaa puani. Walipofika njia panda za kijiji, bwana wa mifugo aliwaamuru wasimame mbali wasije wakavuta ule upepo, naye akawaachia mbuzi. Kila mbuzi alishika njia ya kwao. Mjane alikuwa uani anapepeta mtama aliposikia mbuzi wake akilia mlangoni.

Hapo ndipo wasimulizi wa harusini hushika mbavu. Nami nakubali, tulicheka. Chifu aliporudi aliwapiga askari wake, akapita nyumba hadi nyumba, na kila alikoingia aliambiwa kwamba huyu mbuzi hajawahi kutoka hapa.

Baadaye tukasikia kwamba Bwana Shauri, yaani yule mzungu aliyetawala wilaya, anakuja kuitazama bustani ya chifu, kwa kuwa amesifiwa kuwa mkulima wa mfano. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo pamoja na viazi. Alitafuna, akasema, "Mwambie kila mwanamke aje na mtungi mtupu. Waimbe, wamkaribishe vizuri. Wasilalamike hata kidogo."

Tulifanya hivyo. Tulijipanga kando ya seng'enge na mitungi na madebe, tukaimba. Bwana Shauri alifurahi. Alipokwisha kukagua kabichi nilitoka mstarini, nikapiga goti kama alivyonifundisha mume wangu, nikasema, "Bwana, umetembea vumbini. Tungependa kukuletea maji ya kunawa, lakini tunangoja kufunguliwa."

Mzungu alikijua Kiswahili vizuri. Akamgeukia chifu. "Wanangoja kufunguliwa na nani? Maji haya si ya wote?"

Nilimwona chifu akilitazama lango lenye kufuli. "Ni ya wote, bwana. Seng'enge ni ya kuzuia wanyama tu."

"Vizuri sana. Basi fungua."

Akafungua kwa mkono wake mwenyewe. Tuliingia tukajaza mitungi mbele yao, tukiimba, na mimi nilimpelekea mzungu maji, akanawa. Baada ya siku ile lango halikufungwa tena kwa muda, kwa sababu chifu alikuwa ametamka mbele ya mkubwa wake. Wanawake walinipisha kwenye foleni ya maji. Waliniletea mahindi, wakanibebea mtoto wetu, aliyekuwa bado mdogo. Mume wangu walimwita baba yetu.

Kisha mvua ikakosa kunyesha. Ikakosa na msimu uliofuata. Bwana Shauri alihamishwa akaja mwingine, ambaye hakufika kilimani kwetu wala hakuuliza. Chifu alirudisha kufuli, akaweka askari wawili langoni, akaita baraza. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole kabisa kwamba maji yapo, yatafunguliwa siku ile mhalifu atakapoletwa. Akasema si yeye anayewanyima maji, ni yule aliyeko porini.

Watu walikwenda kuchimba mchanga wa mto kule chini, kutwa nzima kwa debe moja la maji ya chumvi. Mwanzoni walimlaani chifu. Baada ya muda hawakumtaja tena. Nilianza kuona wanawake wananyamaza nikifika. Siku moja walikuja nyumbani kwangu kundi zima, wale wale walioimba nami kando ya seng'enge. Aliyewasemea alikuwa rafiki yangu tangu utoto.

"Mwambie atoke."

"Atoke aende wapi?"

"Ajipeleke. Watamfunga kidogo tu, atarudi. Watoto wetu wanakauka."

"Na wangu je? Hanywi maji?"

"Wako ana baba shujaa," alisema. Waliondoka bila kuaga.

Nilimweleza mume wangu. Nilidhani angekasirika, lakini alikaa akichora chini kwa kijiti. Alisema angekwenda Voi mwenyewe, atafute karani anayemfahamu tangu stesheni, amsaidie kufikisha habari za maji kwa mzungu mpya. Aliomba apewe muda kidogo tu. Nilirudi kijijini nikawaambia hivyo.

Jumapili iliyofuata, wakati watu wako kanisani, alipita kwa yule mjane. Bibi ndiye aliyemtumia salamu kwamba apite ale kabla ya safari ya Voi. Alimkaribisha kitini, akampa ugali, akamkamulia maziwa ya mbuzi yule yule. Alikuwa bado anakunywa askari walipotokea nyuma ya ghala. Hakukimbia. Aliniambia baadaye kwamba alimtazama bibi usoni, akakiweka kikombe chini.

Walimpitisha mbele ya kanisa, mikono imefungwa nyuma, damu ikimtoka sikioni. Ibada ilikuwa inatoka. Kanisa zima lilisimama uani limemtazama, wanaume wamevua kofia kwa ajili ya Bwana na hawajazivaa bado. Mhubiri aliinama akawa anaifuta Biblia yake vumbi. Mimi ndiye niliyepiga yowe, na rafiki yangu yule wa utotoni akanishika mkono, akaniambia nisimtishe mtoto.

Alasiri ile lango la chemchemi lilifunguliwa. Kabla mume wangu hajafikishwa stesheni ya Voi kupakiwa kwenye garimoshi la Mombasa, foleni ilikuwa imefika njiani. Nami nilikwenda na mtungi wangu, kwa sababu mtoto alikuwa na kiu. Walinipisha mbele. Sikukubali kupita. Nilisimama nyuma ya wote, nikangoja zamu yangu. Mwezi haukuisha kabla chifu hajaanza kufunga tena, siku moja kwanza, kisha siku mbili, na msimu wa kupanda ulipofika tulikuwa tunabeba mawe kama zamani. Safari hii hapakuwa na wa kuuliza swali.

Yule mjane alikuja kwangu mara moja tu. Alikuwa na mbuzi mdogo mikononi.

"Mwanangu, nimekuletea."

"Mrudishe."

"Mtoto alikuwa anakufa. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nilimwambia aondoke, akaondoka. Swali lake nimeishi nalo tangu siku hiyo. Yule mjukuu alipona, akakua, akawa dereva wa lori. Hunisalimia kwa heshima. Hajui, au amechagua kutojua.

Mume wangu alirudi kutoka kifungoni miaka mingi baadaye. Sikio moja lilikuwa limekufa na kidole cha mkono kilikuwa hakikunjiki. Alipata kazi ya ulinzi kwenye shamba la mkonge kule chini, tukahamia huko, kwa kuwa hakutaka kupanda kilimani. Mtoto wetu, ambaye alikuwa amesikia sifa zake, alimwomba amwigize stesheni masta. Alijaribu. Ilitoka sauti yake mwenyewe, dhaifu, akaacha katikati akaomba maji ya kunywa.

Chifu alizeeka kwa heshima. Alipata nishani, akanunua gari, akatoa mabati ya kuezekea kanisa. Siku moja gari lake lilipita kwenye lango la shamba la mkonge ambapo mume wangu alilinda. Nilikuwa nimempelekea chakula. Mume wangu alisimama wima, akavua kofia, akafungua lango, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," chifu alijibu, bila kugeuza shingo. Sidhani kama alimtambua.

Gari lilipokwisha kupita nilimuuliza kwa nini amemwamkia mtu yule. Umri wao ni mmoja.

Alifunga lango, akaketi kwenye benchi lake, akafunua sufuria niliyomletea.

"Ni kazi," alisema. "Leo umepika nini?"

Nilimwambia ni maharagwe. Akala.